Wepesi, Urahisi na Raha: Maneno Matatu katika Njia Panda ya Lamadi

Lamadi ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita hapo, karibu na maji ya Ghuba ya Speke, na barabara nyingine huanzia hapo kuelekea Bariadi, mwendo wa kilometa zipatazo 72, katika nchi ya pamba na ng'ombe. Si mbali na hapo lipo lango la Ndabaka, mojawapo ya milango ya kuingilia Hifadhi ya Serengeti. Kwa mpango wa serikali mji huu umo katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo nchi hiyo ilihesabiwa katika Mkoa wa Mwanza. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma, na lugha ya nyumbani ni Kisukuma. Lakini sokoni na kituoni, ambako mvuvi, mkulima, mchungaji, dereva na mgeni hukutana, lugha itumikayo ni Kiswahili.

Mahali pa namna hiyo panafaa sana kwa kuchunguza maneno, kwa sababu ndipo maneno yanapotakiwa kufanya kazi. Muuza dagaa asema bei yake ni rahisi. Mpakiaji wa basi asema mzigo huu ni mwepesi. Abiria aliyeketi chini ya mti kungojea gari asema hapa pana raha. Mwingereza apitaye njia hiyo kwenda kutazama wanyama analo neno moja, "ease", linaloweza kutumika kwa wepesi wa kunyanyua na kwa raha ya kivulini pia. Ila bei ya dagaa haimo kabisa katika neno lake. Mwanafunzi aliyepewa karatasi ya Kiingereza aifasiri kwa Kiswahili hukutana na neno hilo, naye huandika "urahisi" au "raha" kama kalamu itakavyoangukia. Hapo ndipo shida ianzapo, kwa maana maneno hayo hayatoki nyumba moja, wala hayasemi jambo moja.

Neno hilo la Kiingereza lina historia yake. Waingereza walilipokea kwa Wafaransa katika karne zilizofuata ushindi wa Wanormani wa mwaka 1066. Wataalamu wengi hulirudisha nyuma zaidi, hata wakafikia neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilicho kando au karibu. Katika Kifaransa cha kale lilitaja pia nafasi, yaani mahali pa mtu kunyosha viungo vyake, na fursa ya kutenda atakalo. Si vigumu kuona jinsi maana zilivyoungana. Kilicho karibu hakihitaji safari. Mtu aliyewekewa kila kitu karibu hana haja ya kujisumbua. Na asiyejisumbua huhesabiwa kuwa amestarehe. Hata jina la ugonjwa kwa Kiingereza, "disease", limeundwa kwa neno hilohilo kwa kulitanguliza kiambishi cha kukanusha. Hivyo mgonjwa, kwa asili ya jina hilo, ni mtu aliyekosa raha.

Muungano huo si jambo dogo. Lugha ikitia vitu viwili katika chungu kimoja, wasemaji wake huzoea kuviona kuwa kitu kimoja. Atumiaye neno hilo kila siku aweza kuamini, bila hata kufikiri, kwamba raha ni kutofanya kazi, na kwamba kila kinachopunguza jitihada huongeza furaha. Kiswahili hakikurithi chungu hicho. Kina wepesi, kina urahisi, kina raha, na kila neno lina njia yake: wepesi hujulikana begani, urahisi ulitoka sokoni, na raha ilitoka katika pumzi. Yafaa basi kulifuata kila moja kwa zamu yake.

Wepesi ni neno la Kibantu. Shina lake hutaja kwanza kitu kisicho na uzito, kisha kitendo kisicho na ugumu, kisha mwendo wa haraka. Maana upesi na wepesi ni ndugu. Mpangilio huo si wa Kiswahili peke yake. Kiganda kina shina -angu, ambalo hutaja kitu chepesi, jambo lisilo gumu, na tendo la haraka. Kizulu kina -lula, ambalo pia hutaja uzito mdogo pamoja na kutokuwa na ugumu. Yaonekana kwamba watu wa lugha hizi walipotaka kusema kuwa jambo fulani halina shida, walilipima kama mtu apimavyo mzigo kabla ya kuutwika.

Katika nchi za kusini mwa Ziwa Viktoria kipimo hicho hakikuwa mfano wa maneno tu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na ya nguo ilitegemea mabega ya wapagazi, na miongoni mwa wapagazi waliosifika Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma walikuwa mbele. Mizigo ilihesabiwa kwa frasila, na frasila moja ni kiasi cha kilo 16; mzigo wa frasila mbili ulikuwa jambo la kawaida, nao ulibebwa siku baada ya siku kwa majuma na miezi. Henry Stanley alipofika Kagehyi, katika pwani ya kusini ya Ghuba ya Speke, mwaka 1875, mashua yake ilikuwa imebebwa vipande vipande mabegani mwa watu tangu pwani ya bahari. Mwezi Machi wa mwaka huo aliishusha majini, akaanza kulizunguka ziwa kwa kuifuata ghuba hiyo upande wa mashariki, akapita mlango wa mto Simiyu, ambao jina lake leo ni jina la mkoa. Vitabu vya safari hizo vimejaa majina ya wakuu wa misafara. Majina ya wenye mabega ni machache. Lakini lugha waliyotembea nayo watu hao ilibaki, na ndiyo inayosikika leo katika kituo cha Lamadi.

Basi msemaji wa Kiswahili ajua jambo moja ambalo neno la Kiingereza halimkumbushi msemaji wake: wepesi hautajwi pasipo mzigo, na mzigo hauna budi kuwa na mchukuzi. Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Usufi ni kitu chepesi mno, na methali haisemi kwamba mzigo wa mwenzio ni mwepesi, bali yamcheka yule auonaye hivyo kwa kuwa haukuwekwa begani mwake. Katika methali hii fupi limo swali ambalo kila neno la wepesi lapaswa kuulizwa: ni mwepesi kwa nani?

Wafasiri wa vitabu vya dini walilijua shina hili vizuri. Katika Mathayo 11:30 Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliipa nira sifa ileile ya "ease". Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 waliligawa jambo, wakaipa nira sifa ya ulaini na mzigo sifa ya wepesi, kwa sababu nira hukwaruza shingo na mzigo hulemea bega, na maumivu hayo si mamoja. Kadhalika katika Sura ya 94 ya Kurani, panapotajwa hali inayoambatana na dhiki, wafasiri wengi wa Kiingereza wameandika "ease", naye Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, katika tafsiri yake ya Kiswahili, aliweka uzito upande mmoja na wepesi upande wa pili. Neno la Kiarabu la mahali hapo halitaji mzigo kwa lazima. Bali Kiswahili ndicho kilichoudai.

Neno la pili, rahisi, lina asili nyingine kabisa. Masikio husikia raha na rahisi, na wengi hudhani kwamba la pili limezaliwa na la kwanza. Sivyo. Katika Kiarabu maneno hayo yana mizizi mbalimbali, na herufi ya katikati katika moja si herufi ya katikati katika jingine. Waswahili walipozilainisha herufi hizo zikafanana, na wageni wawili wakaonekana ndugu. Kwa Kiarabu neno lililozaa rahisi hutaja kitu cha bei ndogo, tena hutaja kitu laini kisicho na ukakamavu. Ndugu yake wa kweli ni ruhusa, au ruksa, ambayo katika elimu ya sheria za Kiislamu ni ile nafuu apewayo mtu mwenye udhuru: msafiri hupunguza sala, na mgonjwa hufungua saumu. Bei ndogo, ulaini, na kufunguliwa mlango: hizo ndizo maana zilizokaa pamoja katika mzizi huo.

Undugu huo wa rahisi na ruksa ulionekana wazi katika historia ya Tanzania. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais kuanzia mwaka 1985 hadi mwaka 1995, alipewa na watu jina la Mzee Ruksa, kwa kuwa wakati wake milango ya biashara ilifunguliwa, na bidhaa zilizokuwa adimu katika miaka ya shida zikaonekana tena madukani. Waliompa jina hilo hawakuwa na haja ya kujua mizizi ya Kiarabu. Walijua tu kwamba kilichoruhusiwa hupatikana, na kinachopatikana hushuka bei. Lugha ilikuwa imekwisha kusema hivyo kabla yao.

Katika Kiswahili neno hili lilipanuka likatoka katika bei likaingia katika kazi. Kitu kisichogharimu fedha nyingi ni rahisi. Na jambo lisilogharimu nguvu nyingi likaitwa rahisi vilevile. Mtihani ukawa rahisi, swali likawa rahisi, njia ikawa rahisi. Lakini maana ya kwanza haikufa, nayo hukaa ndani ya ile ya pili kama moto ndani ya majivu. Ndiyo maana maneno "kazi rahisi" yana sura mbili. Akisema mfanya kazi, aweza kuwa anataja kazi isiyomchosha. Akisema tajiri, aweza kuwa anataja watu wanaokubali ujira mdogo. "Maisha rahisi" yaweza kuwa maisha yasiyo na taabu, na yaweza kuwa maisha yasiyo na thamani. Mfasiri aandikaye "urahisi" kila aonapo "ease" huingiza bei mahali ambapo mwandishi wa kwanza hakuitaja, na pengine humdhalilisha mtu aliyetaka kumsifu.

Katika nchi ya Lamadi sura hizo mbili si mchezo wa wanachuo. Pamba ilienea katika Usukuma wakati wa utawala wa Waingereza, hata Jimbo la Ziwa likawa ndilo litoalo sehemu kubwa ya pamba ya Tanganyika. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akatwika, akafika kwa mnunuzi, na hapo akakutana na mzani. Malalamiko ya miaka hiyo yalikuwa mawili: mzani unapunja, na bei ni ndogo. Yatazamwe maneno hayo kwa Kiswahili. Gunia lililoonekana zito begani lilionekana jepesi mzanini. Na pamba iliyopatikana kwa taabu ilinunuliwa kwa urahisi. Wepesi na urahisi, maneno ambayo kamusi huyaeleza kwa sura ya kupendeza, yalikuwa hasara kwa mkulima na faida kwa mwingine.

Jibu la wakulima lilikuwa ushirika. Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925 katika nchi ya Musoma, alikuwa miongoni mwa viongozi waliowakusanya, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya Jimbo la Ziwa viliungana chini ya shirikisho lililoitwa kwa jina la ziwa lenyewe, Viktoria. Shirikisho hilo lilikua hata likahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Historia yake ya baadaye haikuwa ya ushindi tu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Lakini kwa uchunguzi wa maneno jambo kubwa ni lile la mwanzo: watu walikataa kwamba wepesi wa mzanini ni wepesi wa kweli, na kwamba urahisi wa mnunuzi ni urahisi wa wote. Waliuliza swali la methali ya usufi, nao wakalijibu kwa kununua mizani yao.

Kati ya urahisi na raha limesimama neno nafuu. Nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni manufaa. Husemwa bei nafuu, na husemwa mgonjwa amepata nafuu. Wauza maduka wengi hulipenda kuliko rahisi, kwa kuwa rahisi hutia shaka juu ya ubora, na watu husema kwamba rahisi huwa ghali. Bali nafuu humwangalia mnunuzi, si kitu: yasema kwamba mtu fulani amepunguziwa. Hapa Kiswahili na Kiingereza hukutana kwa mbali, maana Mwingereza alimwita mgonjwa mtu aliyekosa raha, na Mswahili humwita aponaye mtu aliyepata manufaa.

Neno la tatu ni raha yenyewe. Mzizi wake katika Kiarabu ni ule uliozaa pia majina ya upepo na ya roho. Na starehe, kwa umbo lake refu, ni tawi la mti huohuo, yaani kuitafuta raha. Hivyo roho, raha na starehe ni ndugu, na kinachowaunganisha ni hewa iingiayo na kutoka. Ajabu ni kwamba Kibantu kilikuwa kimekwisha kupita njia hiyohiyo bila kuambiwa: kupumzika kumetokana na kupumua. Tena nafasi, ambayo Mswahili huitaja akiwa hana kazi nyingi, ni neno la Kiarabu lililotoka katika pumzi. Hata methali isemayo "Baada ya dhiki faraja" imejengwa juu ya mfano wa mahali: dhiki ni wembamba, mahali pa kubanwa, na faraja ni kufunguka kwa mwanya. Aliyebanwa hupata mwanya, naye huvuta pumzi.

Raha ya namna hiyo si kukosa kazi. Ni kituo baada ya kazi, na pasipo kazi haina mahali pa kusimama. "Mchumia juani hulia kivulini," walisema wahenga. Na kivuli cha methali hiyo hakikukusudiwa kwa asiyeliona jua. Starehe, kwa upande wake, ilipata bahati mbili. Katika adabu za pwani ni neno la heshima: mgeni akiingia, mwenyeji akataka kuinuka, mgeni humwambia "Starehe!", yaani usijisumbue kwa ajili yangu. Hapo starehe ni zawadi ambayo mtu humpa mwenzake. Katika mazungumzo ya mijini imeelekea upande wa anasa, ikawa jina la matumizi ya fedha na la usiku wa kelele. Neno ni lilelile. Tofauti ni kwamba katika adabu mtu huitoa, na katika anasa huinunua.

Upo ushahidi mwingine katika viwanja vya shule na vya majeshi. Amri ya Kiingereza ya kuwalegeza askari kidogo hutumia neno hilohilo la "ease". Wafasiri wa Kiswahili hawakusema raha, wala hawakusema urahisi. Walisema "Mguu pande", na kinyume chake "Mguu sawa". Amri hiyo yataja jinsi mguu ukaavyo, nayo haidai kujua hali ya moyo wa askari. Waliofasiri hivyo walifanya kwa busara, maana mtu aweza kusimama mguu pande mchana kutwa asipate raha hata kidogo.

Limebaki jambo moja, ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote. Je, wepesi waweza kuwamo ndani ya kazi nzito? Neno la Kiingereza, kwa kuunganisha raha na ukosefu wa jitihada, lafanya swali hilo lionekane kama mzaha. Lakini Wasukuma walilijibu zamani kwa jembe. Desturi yao ya kulima kwa vikundi, huku ngoma ikipigwa na nyimbo zikiimbwa, inajulikana mbali, na ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake hushika majembe, imetoka shambani kabla ya kufika jukwaani. Katika kazi hiyo udongo haupungui uzito, wala jua halipungui ukali. Idadi ya matuta ni ileile. Kinachobadilika ni kwamba mzigo umegawanywa, na pumzi za watu wengi zimekwenda kwa mwendo mmoja. Hapo wepesi na raha hukutana kweli, ila si kwa njia ya kuikimbia kazi. Na mtu asalimiwapo kwa Kisukuma asubuhi, "Mwangaluka", jibu lake, "Mhola", hutaja amani na uzima. Halisemi kwamba siku itakuwa nyepesi.

Kwa hiyo mfasiri akutanaye na neno hilo la Kiingereza hana budi kwanza kuuliza ni jambo gani linalotajwa. Likiwa ni uzito uliopungua, na aandike wepesi. Likiwa ni gharama, rahisi au nafuu, kwa kutazama ni nani anayesema. Likiwa ni pumzi baada ya kubanwa, raha au faraja. Na likiwa ni heshima ya mtu kwa mwenziwe, starehe. Uchaguzi huo si umaskini wa Kiswahili, kana kwamba kimekosa neno moja la kutosha. Lugha iliyokuwa mabegani mwa wapagazi, katika mizani ya wanunuzi na katika mashamba ya wengi imeweka maneno mbalimbali, ili wepesi wa mmoja usihesabiwe kuwa raha ya wote kabla ya kutazamwa ni nani aliyetwishwa.